Ngoma, Taarabu na Adabu ya Msikilizaji



 Napenda leo tuzungumze jambo ambalo watu wa Mtwara hulitaja sana barazani lakini wachache hulipima.

Kila mwaka korosho zinapouzwa, mji wetu hubadilika sauti. Fedha iliyongojewa miezi mingi huingia mikononi, na shughuli zilizoahirishwa hufanywa zote kwa mara moja. Harusi, jando, maulidi ya nadhiri na michezo ya vikundi katika kumbi ndogo, yote huja pamoja. Mtu akitoka msikitini baada ya Isha akapita mitaa ya Chikongola, au akafika Mikindani, atasikia sauti za namna tatu. Ya kwanza ni matari ya maulidi uani mwa nyumba ya mtu. Ya pili ni kikundi cha taarabu, watu sita au saba na udi, kinanda na dumbaki, mbele ya viti hamsini. Ya tatu ni maspika makubwa chini ya turubai, yakitoa nyimbo zilizorekodiwa mbali, hata madirisha ya jirani yakatetemeka mpaka alfajiri.

Utaniuliza: Je, yote hayo ni mamoja? Jawabu: Si mamoja, na kosa letu kubwa ni kuyafanya mamoja. Yuko asemaye yote ni haramu, kisha akafunga mlango wake akalala. Yuko asemaye yote ni furaha tu, kisha akawaacha watoto wake huko hadi kuche. Watu hawa wawili waonekana wametofautiana, lakini wamefanya jambo moja: wote wawili wameondoka mahali pale.

Tuanze na hukumu, maana sitaki kumficha msomaji. Sisi tuliosoma Minhaji ya Imam Nawawi twajua kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii dufu limeruhusiwa harusini na jandoni, na katika furaha nyinginezo pia kwa kauli iliyo sahihi zaidi, hata likiwa na njuga. Vyombo vya nyuzi, kama udi, kitabu hicho chavikataza. Wako maulama wengine, kama Ibn Hazm wa Andalusi, walioona vinginevyo. Mimi si mwenye kulimaliza leo neno walilokhitilafiana wakubwa zetu kwa karne nyingi. Mwenye kujichunga ajichunge, naye amefanya vema. Lakini watu wetu huenda, na mwenye kwenda lazima ajue kupima anachokisikia.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga katika Ihya kitabu kizima juu ya jambo hili la kusikiliza. Alitazama mwimbaji ni nani, chombo ni kipi, maneno yasema nini, msikilizaji ana hali gani moyoni, na mchezo umekula kiasi gani cha siku za mtu. Akanakili pia neno la masufi kwamba kusikiliza kwahitaji vitu vitatu: wakati, mahali na wenzi. Shika vitatu hivyo, ndugu msomaji, tutavirudia.

Sasa tazama alivyofanya Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Amepokea Bukhari habari ya Bibi Rubayyi' binti Muawwidh (R.A.). Asubuhi ya harusi yake Mtume aliingia akaketi, na vijana wa kike walikuwa wakipiga dufu na kuwataja wazee wao waliouawa siku ya Badri. Mmoja wao akaingiza neno la kwamba kati yao yuko Nabii ajuaye ya kesho. Mtume akamwambia aliache hilo, arudie yale aliyokuwa akiyasema.

Lizingatie jambo hili. Neno lile lilikuwa zito, maana elimu ya ghaibu ni ya Mungu peke yake. Hata hivyo dufu halikuvunjwa wala binti hakufukuzwa. Neno moja liliondolewa, na wimbo ukaendelea. Nalo liliondolewa kwa sababu aliyejua alikuwa ameketi pale, anasikia. Lau angalikuwa amekwenda zake, nani angalisema?

Hapa ndipo ninapoupenda mchezo mdogo kuliko mkubwa. Katika ua au ukumbi wa viti hamsini mwimbaji aona nyuso, na wenye nyuso wamwona yeye. Mwimbaji ana haya, na msikilizaji ana haki ya kukataa. Msimu mmoja nilisimama nje ya ukumbi wa namna hiyo nikimngojea jamaa yangu. Mwimbaji alianza beti lenye kumchoma mtu aliyekuwamo. Bibi mmoja wa makamo, mwenye heshima yake, aliinua mkono tu, hakusema kitu. Mwimbaji akaitikia kwa kichwa, wapigaji wakazunguka na muziki mara moja bila maneno, kisha akaingia kwa beti jingine. Waliokuwa nyuma hawakujua lililopita. Bibi yule hakusoma Ihya, lakini aliitimiza kazi ya msikilizaji.

Spika haina haya. Huwezi kuiinulia mkono.

Na hili sikulisoma tu, nimelionja. Katika harusi moja ya jirani, nilikwenda nikahudhuria nikaha, nikala walima, nikaomba dua, nikaondoka pamoja na walimu wenzangu kama ilivyo desturi yetu. Usiku maspika yalifunguliwa. Alikuwako mgeni, mwanamke aliyeachwa na mumewe mwaka ule. Wenye shughuli waliagiza wimbo wa mipasho juu ya wanawake walioachika upigwe, ukarudiwa mara ya pili na ya tatu, na wachezaji wakawa wakimgeukia yeye. Aliondoka hajala. Nyumba mbili zilizokuwa zikiazimana chumvi hazikuamkiana tena. Ilipotokea maiti katika nyumba moja, nyumba ya pili haikuleta mtu matangani. Watu wakaja kwangu niwasuluhishe, nami nikawalaumu wanawake. Ndipo mzee mmoja akaniuliza: "Na wewe, Sheikh, ulikuwa wapi?" Sikuwa na jawabu. Nilikuwa nimeshiba pilau nikaenda kulala.

Usidhani mipasho ndiyo asili ya taarabu yetu. Siti binti Saad wa Unguja, aliyezaliwa katika umaskini karibu na mwaka 1880 akafa mwaka 1950, na ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri, aliimba nyumbani kwake jioni pamoja na wenzake, na watu wa mtaa wakisikiliza. Mwanamke mgeni alipouawa Unguja na muuaji aitwaye Kijiti akatoroka akavuka bahari, adhabu ikawaangukia wanawake waliomwalika marehemu. Siti aliliimba jambo hilo. Huo ulikuwa wimbo wenye kutaja dhuluma, tena mbele ya watu walioijua habari ile, wenye uwezo wa kumwambia "umekosea". Pima sasa na yale tuliyoyasikia katika miaka ya 1990, vikundi vya Dar es Salaam kama TOT na Muungano viliposhindana kwa vijembe, na mashabiki wakatoa fedha ili mwenzao achomwe.  Lililoharibika ni nia ya aimbaye na nia ya atuzaye.

Najua wako vijana watakaoniambia kwamba hata matari ya maulidi ni uzushi. Siwatukani. Nawaambia tu waje waketi kwanza. Mwaka 1908 hapo jirani zetu Lindi, watawala wa Kijerumani waliingiwa na hofu kubwa kwa ajili ya zikri za usiku na barua iliyopitishwa mkono kwa mkono ikidaiwa imetoka Makka. Walizihukumu sauti za watu ambao hawakuwa wakiketi nao. Nasi tusirithi tabia hiyo ya kuhukumu kutoka mbali. Dufu hili la kwetu halikukomea Ruvuma. Ng'ambo ya mto, katika pwani ya Msumbiji, liko mikononi mwa wanawake wanaocheza tufo, na jina lenyewe lakuonyesha limetoka wapi. Wanasifu, wanafunza, na mara nyingine wanatia mambo ya dunia. Palipo na neno jema lisifiwe, palipo na kosa lisahihishwe. Hiyo ndiyo sunna tuliyoiona kwa Bibi Rubayyi'.

Turudie vile vitatu.

Wakati: Furaha isiyoisha huila sala ya Alfajiri. Kikundi kianze baada ya Isha na kimalize kabla ya saa sita, watoto walale, mgonjwa wa jirani apumzike. Mwenye shughuli alitaje hilo siku ya kupatana bei, si usiku ule watu wamekwisha kupandisha.

Mahali: Pawe mahali ambapo mzee, mke na binti waweza kuingia bila kuona haya. Palipo na ulevi na mchanganyiko usio na stara, hapo pasikaliwe hata kama anayeimbwa ni Mtume. Na anayeweza kuita watu sita wenye matari au kikundi kidogo cha mtaani, asikodi maspika ya kuwashinda majirani. Fedha yake itabaki kwa mafundi wa hapa hapa Mtwara, na kijana atajifunza kupiga, badala ya kujifunza kubonyeza.

Wenzi: Hili ndilo kubwa. Msiwaache watoto peke yao na sauti. Baba akae, mama akae, mwalimu akae hata nusu saa baada ya walima. Akisikia neno zuri alisifu, mwimbaji ajue kuwa kuna masikio. Akisikia neno baya aseme kwa upole, liachwe hilo, yarudiwe yale ya kwanza. Akipuuzwa, aondoke na watu wake, na kuondoka kwake kutakuwa na maana, kwa sababu alikuwapo.

Na juu ya kutuza, neno fupi. Mpe mwimbaji tuzo kwa sababu amekufurahisha au amekufunza. Ukimpa ili mwenzako aumie, umenunua dhambi kwa fedha ya korosho, na pengine fedha yenyewe ni ya mkopo.

Huenda mtu akasema: Sheikh akionekana ameketi pale, si atakuwa ameyahalalisha yote? Nami niliogopa hivyo kwa miaka mingi. Lakini nimeona matunda ya kuondoka kwetu. Tuliwaachia wengine mahali petu, wakapajaza. Mwenye shamba akiogopa kuonekana karibu na ngedere, ngedere watavuna.

Nyumba zile mbili nilizozitaja zimepatana, Alhamdulillahi, baada ya safari nyingi za kwenda na kurudi. Katika harusi iliyofuata mtaani kwetu mwenye shughuli aliita matari na kikundi kidogo, naye akaniomba nibaki. Nilibaki mpaka saa nne na nusu. Hapakuwa na neno lililohitaji kuondolewa. Nilipoinuka kwenda zangu, yule mwanamke aliyewahi kuondoka hajala alikuwa ameketi katikati ya wenzake, na sahani yake mbele yake.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.