Butura Iwe Mtihani wa Sheria Linganishi

Kama umewahi kukaa kwenye darasa la sheria linganishi, wimbo unaujua: Mwingereza anasema hivi, Mfaransa vile, Mjerumani ana kifungu chake. Unakariri, unajibu mtihani, basi. Kitabu kinachotajwa sana ni cha Konrad Zweigert na Hein Kötz, na ushauri wao ni mzuri: usilinganishe majina ya kanuni, angalia kila nchi inatatuaje tatizo lilelile. Lawama yangu ni moja: matatizo tunayopewa darasani ni ya Ulaya na Marekani. Hebu tuwape la kwetu.

Ukiwa Bugene huhitaji kuelezwa butura. Shule zinafunguliwa Januari, kahawa bado mbichi mtini. Tuseme mama mmoja anachukua shilingi 200,000 kwa mwenye fedha, anasaini kwamba wakati wa mavuno atatoa magunia ya maganda ambayo, kwa bei ya msimu, yatafika laki sita. Serikali inaipiga vita butura, na makubaliano yaliyokatazwa na sheria ni batili kwa kifungu cha 23 cha Sheria yetu ya Mikataba. Tuiweke hiyo kando kidogo. Karatasi ile, kama mkataba tu, ina nguvu?

Jaji wa Uingereza kwa kawaida hapimi kama bei ilitosha. Kwao hata punje ya pilipili manga ni malipo. Mjerumani ana kifungu cha 138 cha BGB, iliyoanza kutumika 1900: ukitumia shida ya mtu kujipatia faida iliyopita kiasi waziwazi, makubaliano ni batili. Ufaransa, tangu marekebisho ya 2016, kutumia vibaya utegemezi wa mwenzako kwa faida ya namna hiyo kunahesabiwa kama kumlazimisha.

Wengi wetu tunaishia hapo: eti Mwingereza mkali, sisi tumerithi kwake, mama kaliwa. Hapo napinga. Sheria yetu haikutoka London moja kwa moja. Ni ile ya India ya 1872, iliyoletwa Tanganyika 1920, na ile ya kwetu ya 1961 imeifuata karibu neno kwa neno. Kabla haijatufikia, mwaka 1899, kifungu cha 16 kiliandikwa upya hukohuko India. Kinasema hivi: mtu akiwa na nafasi ya kutawala utashi wa mwenzake, na mapatano yakaonekana ya kinyonyaji, ni yeye mwenye nguvu athibitishe kwamba hakuitumia vibaya. Na bei ndogo mno, ingawa peke yake haivunji mkataba, mahakama inaruhusiwa kuitazama inapopima kama ridhaa ilikuwa huru.

Sasa usishangilie mapema. Mwanzoni mwa karne ya 20, kwenye rufaa iliyotoka India, majaji wa London walisema kuhitaji fedha kwa haraka, peke yake, hakumpi mkopeshaji nafasi ya kukutawala. Kwa Mjerumani shida yenyewe inahesabika. Kwetu lazima uoneshe kitu cha ziada. Tofauti kubwa iko hapo, na huioni ukilinganisha punje za pilipili. Wakili wa mama huyu angeanzia hapo: je, kwenye kijiji chenye mkopeshaji mmoja, shida na kutawaliwa ni vitu viwili kweli?

Hata hivyo, nalaumu pia mbinu yenyewe, maana inamsubiri mtu mahakamani. Mama wa Bugene haendi huko. Anamlipa jirani yake magunia, kwa sababu Januari nyingine inakuja na atamhitaji tena. Chama cha msingi kikitoa malipo ya awali kabla shule hazijafunguliwa, kinaweza kufanya kazi ambayo kifungu cha 16 hakiifikii. Kama swali ni nani anatatua tatizo, nacho kiingie kwenye ulinganisho.

Ukirudi darasani, muulize mwalimu wako kuhusu butura. Tuone atafungua ukurasa gani.