Saa za Fundi Bunduki

Fundi wa vitako hupaka chuma masizi ya taa yaliyochanganywa na mafuta, akakikandamiza kwenye ubao wa mjozi, kisha akakiinua. Palipogusana pamebaki doa jeusi. Anashika patasi na kuondoa doa hilo tu, utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, halafu anapaka tena. Kazi ni hiyohiyo mchana kutwa, na kesho yake vilevile, mpaka weusi uenee sawasawa na pasibaki pa kupenyeza hata unywele.

Hivyo ndivyo mafundi wa London na Birmingham wanavyotengeneza bunduki za marisau za mitutu miwili kwa mkono. Moja hula mamia ya saa, na mpya kutoka duka la daraja la juu London leo huweza kupita pauni 100,000. Mtu akiguna akisikia bei hiyo, simlaumu. Ila ajue kwanza analipia nini.

Halipii usalama. Chama cha mafundi bunduki wa London kilipata hati ya kifalme mwaka 1637, na Birmingham ikapewa nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya 1813. Mtutu hujaribiwa kwa baruti iliyozidi kipimo cha kawaida, ukihimili ndipo unapigwa mhuri. Mtutu wa lodi na wa mkulima hupita mlango mmoja. (Sheria hiyo ilichelewa: kabla yake Birmingham ilikuwa imekwisha kushehenesha bunduki za bei poa kwa biashara ya watumwa Afrika Magharibi, na aliyeipokea ndiye aliyejua kama mtutu utapasuka.)

Fedha huishia kwenye mwili wa mteja. Anapimwa urefu wa mkono, upana wa bega, shavu linapolala, jicho analolengea. Kitako huchongwa kwa vipimo hivyo, kikipindishwa kidogo pembeni, ili akiinua bunduki jicho lijikute tayari juu ya mstari wa mitutu bila kutafuta. Mashine hutoa kitako kizuri cha mtu wa wastani. Mtu huyo hajawahi kuingia dukani.

Tatizo ni kwamba ustadi haulipi madeni. Joseph Manton ndiye aliyekuwa kinara wa kazi hii London mwanzoni mwa karne ya 19, na alifilisika mwaka 1826, akiwa amemwaga fedha kwenye kesi za hataza na uvumbuzi wa mizinga. Washindani wake wakubwa walitoka kwenye karakana yake mwenyewe. James Purdey alimfanyia kazi kabla ya kufungua duka lake mwaka 1814, na mwaka uleule wa kufilisika kwa bwana wake wa zamani akahamia kwenye jengo lililokuwa la Manton, Oxford Street. Thomas Boss naye alipitia mikononi mwa Manton. Ndivyo ufundi ulivyo: humfundishi mwanagenzi nusu nusu, na ukimfundisha vizuri, umemlea atakayekunyang'anya wateja.

Birmingham ilikuwa na balaa la aina nyingine. Kule kila mmoja alikuwa na kipande chake, huyu mitutu, yule mitambo, mwingine nakshi, na kazi ilizunguka kutoka kibanda hadi kibanda. Kiwanda cha serikali cha Enfield kilipoanza kutoa bunduki za jeshi kwa mashine, mafundi 14 waliungana mwaka 1861 na kuanzisha kampuni ya bunduki ya BSA, ili wajibu mashine kwa mashine. Uamuzi wa busara kibiashara. Kule London, duka la Boss lilichukua njia ya pili: daraja moja tu, la juu kabisa, hakuna toleo la bei nafuu. Naliheshimu zaidi hilo, maana fundi mdogo anayejaribu kushindana na kiwanda kwa bei anauza saa zake kwa hasara, na hazirudi.

Kuna hata hivyo njia ya katikati, na ilifika mpaka kwetu. Raifeli ya mitutu miwili ya kuwindia tembo ni kazi ya kuchosha: mitutu hulehemiwa pamoja, mdomoni huwekwa kabari ndogo, fundi hupiga risasi kulia na kushoto, hutazama matundu kwenye shabaha, huyeyusha lehemu, husogeza kabari, hupiga tena, hadi mitutu yote miwili ipige mahali pamoja. Kila jaribio ni gharama. Duka la Rigby, London, mwishoni mwa karne ya 19 likaanza kununua mitambo ya boliti kutoka Mauser, Ujerumani, na kuimalizia lenyewe, kwa bei ya chini mno ukilinganisha na ile ya mitutu miwili. W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa Rigby nyepesi ya .275 ya aina hiyo. Hesabu hiyo hainifurahishi, lakini kama ushahidi wa soko haina mpinzani. Rigby haikuacha ile ya zamani. Iliuza zote mbili: ya mitutu miwili kwa aliyeweza kusubiri, na ya boliti kwa aliyekuwa na meli ya kwenda Mombasa mwezi ujao.