Paa Lile Si la Msafiri

Kati ya Windsor ya jimbo la Vermont na Cornish ya New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani, mto Connecticut unavukwa kwa daraja la mbao lenye paa la mgongo, kuta pande zote mbili na giza la ghala ndani yake. Lilijengwa mwaka 1866 na magari madogo yanalipita hadi leo. Familia za Kikongomani zilizohamia Manchester na Burlington, katika majimbo hayohayo mawili, hulifikia kwa gari bila kulala njiani. Mtu wa Ituri akisimama mlangoni mwake hana budi kushangaa. Mbao zile ni za jamii ya misonobari, laini kuliko mvule na limbali zinazopanda kwa malori kutoka Mambasa kuja Bunia. Zimepitaje karne na nusu, na magogo yetu magumu mara nyingi hayamalizi hata miaka kumi?

Ukiuliza watu kwa nini daraja liliezekwa, utapewa majibu mengi mazuri yasiyo ya kweli: ili wasafiri wajikinge mvua, ili farasi wasiogope kuona maji, ili theluji isizibe njia. Hili la mwisho ndilo linaloanguka vibaya zaidi. Majira ya baridi, watu wa kule walisafiri kwa magari ya kuteleza yasiyo na magurudumu, na magari hayo hayawezi kwenda juu ya mbao kavu. Kwa hiyo ilibidi wachukue makoleo na kutia theluji ndani ya daraja, kwa mkono, ili njia ipitike. Paa lilikuwa kero kwa msafiri, na bado wakaliezeka. Liliwekwa kwa ajili ya kiunzi cha daraja lenyewe.

Tuangalie kwanza kinachoua daraja letu. Kwenye barabara za vijijini zinazochepuka kutoka barabara ya taifa namba 27 kwenda mashambani na machimboni, kivuko hujengwa hivi: miti minne au mitano hukatwa karibu na mto, hulazwa kutoka ukingo hadi ukingo ikiwa na magome yake, vichwa vyake hufukiwa udongoni visitikisike, juu hupangwa mbao za kukingama, na juu ya mbao humwagwa udongo ili pikipiki zipite bila kurukaruka. Kila hatua ina sababu yake ya haraka, na kila hatua inalisha uozo. Gome hushika maji dhidi ya mti. Udongo wa juu hunywa mvua na kuinyonyesha mbao siku nzima baada ya jua kutoka. Kichwa cha gogo kilichofukiwa ndicho sehemu inayobeba mzigo wote kwenye ukingo, nacho kimelazwa mahali pasipokauka hata siku moja, tena pa kwanza kufikiwa na mchwa.

Mti hauozi kwa uzee. Huliwa na kuvu, na kuvu ana mahitaji matatu ukiacha mti wenyewe: hewa, joto na maji. Hewa huwezi kuiondoa. Joto la Bunia, hata kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, linamtosha kuvu miezi yote kumi na miwili. Kule New Hampshire baridi humsimamisha kazi kwa miezi kadhaa, hapa kwetu hana likizo. Kinachobaki mikononi mwa fundi ni maji peke yake. Mbao ikibaki na unyevu chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu, kuvu hawezi kuanza. Mbegu zake zinaweza kuwa zimejaa juu ya mbao hiyo, zitakaa tu.

Mtu aliyeliweka wazo hili kwenye hesabu ya pesa ni Timothy Palmer, fundi wa madaraja aliyejenga daraja la mto Schuylkill mjini Philadelphia, lililofunguliwa mwaka 1805. Rais wa kampuni iliyomiliki daraja hilo, hakimu Richard Peters, alisisitiza lifunikwe. Palmer aliulizwa maoni yake, naye akakadiria kwamba bila kufunikwa lingekuwa salama kwa miaka 10 au 12, na likifunikwa vizuri lingefika miaka 30, pengine 40. Kwa wenye kampuni waliosubiri kurudisha fedha zao kwa ushuru wa kuvuka, mjadala uliishia hapo. Wajenzi wa Uswisi walikuwa wamekwisha kujua jambo hilo zamani. Seremala Hans Ulrich Grubenmann alijenga daraja maarufu lenye paa pale Schaffhausen kwenye miaka ya 1750.

Sasa turudi kwenye kiunzi cha Cornish-Windsor, maana hapo ndipo ufundi ulipo. Daraja lina urefu wa mita 137 hivi, na katikati ya mto kuna nguzo moja tu ya mawe. Kila upande, basi, mbao zinaruka mita 62 bila kushikwa na kitu chini yake. Hakuna mti wa kulaza hivyo, si kule si kwenye msitu wetu wa Epulu. Waliojenga, Bela Fletcher na James Tasker, walitumia mfumo ambao msanifu Ithiel Town aliupatia hataza mwaka 1820 na kuuboresha mwaka 1835. Ni ukuta wa mbao zinazokatizana kwa mshazari, kama uzio wa fito uliosukwa, zikibanwa juu na chini na boriti ndefu za kulala. Daraja likibeba mzigo, boriti za juu zinabanwa, za chini zinavutwa, na zile za mshazari zinagawana kazi: zinazoelekea huku zinasukumwa, zinazoelekea kule zinavutwa. Hakuna mbao moja inayobeba daraja. Ukiondoa moja, jirani zake huuchukua mzigo wake.

Uzuri wa kibiashara wa mfumo wa Town ni kwamba haukuhitaji bingwa. Mbao zote ni za vipimo vilevile, zinatoka kwenye kiwanda chochote cha kupasua, zinatobolewa mahali palepale na kufungwa kwa vigingi vya mti mgumu. Seremala wa kawaida na vibarua wake wanauweza. Town mwenyewe hakujenga mengi. Aliuza haki ya kutumia mchoro, dola 1 kwa kila futi ya daraja, na dola 2 kwa aliyekamatwa amejenga bila kumwomba. Fletcher na Tasker walikwenda hatua mbele: badala ya mbao bapa walitumia mihimili ya mraba iliyochongwa mapengo ikakaliana penye makutano. Kiunzi kikawa kigumu zaidi. Gharama yote ilikuwa dola 9,000.

Kiunzi cha namna hii kina mamia ya makutano, mbao juu ya mbao. Maji yakiingia kwenye makutano hayo hayatoki, kwa sababu upepo na jua havifiki ndani. Mbao iliyo wazi pande zote hulowa ikakauka. Mbao mbili zilizobanana hulowa zikabaki. Bila paa, mfumo wa Town ni mtego wa maji wenye milango mia kadhaa. Mimi naona hili ndilo jambo ambalo picha za watalii hazilionyeshi kamwe: paa na kuta si vazi lililoongezwa baadaye, ni sehemu ya hesabu ya kiunzi. Vigae vya mbao vya juu na mbao nyembamba za ukutani ndivyo vinavyolowa na kuoza kwa niaba ya mihimili. Vikiisha, seremala mmoja mwenye ngazi anavibadilisha huku daraja likiendelea kupitwa, jambo ambalo huwezi kulifanya na boriti ya chini.

Wenye daraja walikuwa na desturi nyingine ambayo dereva wa kwetu ataitambua mara moja. Juu ya mlango kuna kibao kinachoamuru farasi watembezwe taratibu, la sivyo faini ya dola 2. Farasi wakikimbia kwa mdundo mmoja hutikisa kiunzi kuliko uzito wao unavyoonyesha. Sisi tuna barieri ya mvua: mvua ikinyesha, mti unashushwa barabarani, malori yanasubiri hadi udongo ukauke, kwa sababu lori lilelile linalopita salama juu ya njia kavu huikata njia mbichi mitaro miwili. Kanuni ni moja, kuilinda kazi ya mikono katika saa yake dhaifu. Tofauti ni kwamba barieri ya kwetu mara nyingi huendelea kudai pesa hata jua likiwa kali. Daraja la Cornish-Windsor nalo lilitoza ushuru, likiwa mali ya kampuni, mpaka jimbo la New Hampshire lilipolinunua mwaka 1936. Ushuru ulifutwa mwaka 1943.

Nisilipambe. Daraja hili ni la nne mahali pale. Matatu yalitangulia, la kwanza mwaka 1796. Paa haliwezi kitu mbele ya mto uliofurika na kubeba mapande ya barafu. Mwaka 2011 mvua za kimbunga Irene zilisomba daraja la Old Blenheim, jimbo la New York, lililokuwa limesimama tangu 1855. Moto ni mbaya zaidi, kwa sababu paa na kuta hufanya bomba la kuvuta hewa: daraja la Kapellbrücke la Luzern, Uswisi, liliungua usiku mmoja wa Agosti 1993. Cornish-Windsor yenyewe ilifungwa mwaka 1987 kwa matengenezo, ikafunguliwa 1989, na kazi iligharimu zaidi ya dola milioni 4. Fedha hizo zililipa, pamoja na mengine, mihimili mipya ya mbao zilizogandishwa kwa gundi.

Wala tusidhani kuezeka njia ni akili ya ng'ambo tu. Lamu na Unguja, kwenye pwani ya Afrika Mashariki, Waswahili walijenga wikio, chumba kinachovuka uchochoro kutoka nyumba hadi nyumba, watu wakipita chini yake. Sakafu yake ni boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Boriti ya mkoko haizidi sana mita tatu, kwa hiyo vyumba vya Lamu ni vyembamba na vichochoro huvukika. Boriti hizo hudumu vizazi kadhaa zikiwa kavu. Dari likivuja na lisizibwe, huanza kuvunjika kichwani, pale zinapoingia ukutani. Ni ugonjwa uleule wa gogo la Ituri, na mahali palepale.

Je, tuezeke madaraja ya Ituri? Kwenye barabara kuu, hapana. Lori lenye trela linalotoka Mahagi limejazwa mzigo hadi juu ya turubai, na litang'oa paa siku ya kwanza. Huko daraja la chuma la Bailey halina mpinzani. Mwingereza Donald Bailey alilibuni mwaka 1940 kwa ajili ya vita: fremu za mita 3 hivi, kila moja kilo 260, watu sita wanaibeba, pini zinaunga, na daraja zima linasukumwa juu ya magurudumu kutoka ukingo mmoja bila winchi ya mtoni. Lakini hata Bailey ya kwetu ina ugonjwa wa mbao. Chuma kinabaki kizima, sakafu inaoza, na tandiboi wa lori anashuka kupanga upya mbao mbele ya magurudumu, akiziokota nyuma na kuzileta mbele.

Kwa barabara za vijijini, ninachopendekeza ni kuezeka gogo na kuiacha njia wazi. Ondoa gome. Chonga mgongo wa gogo uwe bapa, sentimita 25 hivi. Laza vichwa juu ya mawe, si udongoni, na acha nafasi ya hewa kati ya kichwa na ukingo. Kisha valisha kila gogo kofia ya bati. Manjanja ya kawaida hayafai, migongo yake hupondwa na magurudumu na bati likachanika. Pipa la mafuta la lita 200 linafaa zaidi. Likikatwa na kukunjuliwa hutoa bati la mita 1.8 kwa sentimita 88. Ukilipasua katikati kwa urefu unapata vipande viwili vya sentimita 44, vinavyofunika mgongo wa gogo na kuning'inia karibu sentimita 10 kila upande. Gogo la mita 8 linataka vipande vitano, ukipandanisha sentimita 20 penye viungo. Magogo manne, mapipa kumi. Misumari ipigwe ubavuni tu, kamwe si juu. Mbao za sakafu zipangwe kwa kuachana kidogo, zibanwe kwa miti miwili ya kando iliyofungwa kwa boliti pembeni mwa magogo ya nje, bila kutoboa kofia. Udongo usimwagwe juu.

Kuna sharti moja ambalo kamati za vijiji hazilipendi. Gogo bichi likivishwa bati siku lilipoangushwa, unyevu wake hukawia chini ya kofia na kuvu anakuta meza imeandaliwa. Likatwe mapema, limenywe gome, liinuliwe juu ya mawe na likae kivulini penye upepo kwa miezi kadhaa. Anayetaka kulaza magogo mwezi wa pili, kabla mvua za mwezi wa tatu hazijaanza, aingie msituni na msumeno mwaka uliotangulia.