Gemu Haihifadhiwi Kabatini

Mashine ya kwanza ya gemu ya nyumbani haikuwa na sauti. Magnavox Odyssey, iliyoingia sokoni nchini Marekani mwaka 1972, ilichora kwenye kioo cha televisheni nukta tatu nyeupe na mstari mmoja, basi. Haikuhesabu pointi; wachezaji waliziandika wenyewe. Ili nukta zile ziwe uwanja wa tenisi au nyumba yenye mizimu, mwenye mashine alibandika juu ya kioo karatasi angavu la plastiki lililochorwa picha. Ndani ya boksi mlikuwa pia na dadu na noti za kuchezea. Aliyeibuni ni Ralph Baer, mhandisi aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1922, ambaye familia yake ilikimbilia Marekani mwaka 1938 kuyanusuru maisha yao. Alikuwa ameona kwamba mamilioni ya watu wana televisheni nyumbani na hawana la kuifanyia ila kuitazama.

Mashine ya Baer ilitoa nusu ya mchezo, na watu waliokaa mbele yake walitoa nusu nyingine. Naanza naye kwa sababu jambo hilo halijabadilika hadi leo. Gemu ni tendo. Plastiki, shaba na programu ni matayarisho tu. Gemu yenyewe huzaliwa pale kidole kinapobonyeza na kioo kinapojibu, na hufa pale umeme unapozimwa. Kwa hiyo anayekusanya mashine kongwe za gemu ana kazi isiyofanana na ya mkusanya stempu. Stempu ikikaa salama ndani ya albamu, imehifadhiwa. Mashine ya gemu ikikaa salama kabatini miaka 20, inaoza.

Mkusanyaji wa leo ana mtu mwingine wa kumshukuru, naye ni Jerry Lawson. Kabla yake, mashine nyingi za nyumbani zilizaliwa na michezo yake ndani, na ukishaichoka umeichoka. Kadi zilizochomekwa kwenye Odyssey zilikuwa ni nyaya tu za kubadilisha njia za umeme, hazikubeba programu yoyote. Lawson, mhandisi mweusi kutoka New York, aliongoza timu ya kampuni ya Fairchild iliyotoa Channel F mwaka 1976, mashine ya kwanza ya nyumbani iliyotumia kaseti zenye chipu ya programu. Tatizo lililowakabili lilikuwa la kimwili kabisa: mtoto atachomeka na kuchomoa kaseti mara maelfu, kwa nguvu, na mikono yake ina umeme tuli. Je, chipu itapona? Walitengeneza kaseti ngumu na soketi inayovumilia, ikapona. Lawson alifariki mwaka 2011, jina lake likiwa ndiyo kwanza linaanza kutajwa panapostahili. Kila ninaposikia kaseti ikiingia mahali pake kwa mlio ule mfupi, namkumbuka.

Raha ya kucheza mashine hizi imo ndani ya ufinyu wake. Atari 2600, ya mwaka 1977, ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya baiti 128 tu. Baiti moja hubeba herufi moja, hivyo sentensi hii unayoisoma sasa, ukizihesabu herufi zake pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno, isingeenea humo. Picha nzima haikuwa na pa kukaa. Televisheni za wakati ule zilichora kwa mwale unaopita kioo mstari baada ya mstari, na mtunzi wa gemu alilazimika kuiambia chipu nini cha kuchora wakati mwale uko njiani. Kwa kila mstari alipewa mizunguko 76 ya prosesa. Ndani ya mizunguko hiyo achague rangi, aweke ndege, aweke risasi. Akichelewa, mwale umeshapita na picha imeharibika.

Katika nafasi hiyo mtunzi Carol Shaw aliandika gemu ya River Raid, iliyotolewa na kampuni ya Activision mwaka 1982. Ndege inaruka juu ya mto mrefu unaopanuka na kubanwa, wenye visiwa, madaraja, meli na vituo vya mafuta, na programu yote ina kilobaiti 4. Mto huo haukuhifadhiwa popote, maana usingeenea. Shaw aliandika kanuni ya hesabu inayouzalisha kipande kwa kipande kadiri ndege inavyosonga, nayo kwa kuwa huanzia namba ileile, huzaa mto uleule kila unapoanza upya. Mchezaji mzoefu anaujua mto huo kona kwa kona, kama aijuavyo njia ya kwao, ilhali haukuwahi kuchorwa na mtu. Ukiwa umeishika fimbo ya Atari mkononi, unaelewa kwa viganja jambo ambalo maelezo ya darasani hayakufikishi: uchache ulimlazimisha mtunzi akae na kila baiti hadi aijue.

Ufundi huo haukamiliki bila televisheni yenyewe, ile tunayoiita ya chogo. Bunduki ya mwanga ya Nintendo ni ushahidi ulio wazi. Katika mchezo wa Duck Hunt, unapovuta kifyatulio, kioo chote hugeuka cheusi kwa kipande kidogo cha sekunde, kisha mahali pa bata panatokea mraba mweupe. Jicho lililo ndani ya mtutu likiuona weupe baada ya weusi, bata ameanguka. Jicho hilo lilitengenezwa liutambue mwale wa televisheni ya chogo, na programu inategemea mwale ufike bila kuchelewa hata kidogo. Kioo bapa cha leo hupokea picha, huichakata, ndipo huionyesha, na bunduki inabaki kipofu. Bata wote wanaruka zao. Ndiyo maana mkusanyaji wa kweli anapopata mashine hajamaliza. Anatafuta na chogo la kuifaa, hata kama litakula nusu ya meza na kuhitaji watu wawili wa kulibeba.

Hapo inaanza kazi ya mikono, nami naipenda kazi hii kuliko kununua. Kaseti isiyowaka, mara nyingi ugonjwa wake ni uchafu tu. Watoto wa miaka ya 1980 na 1990, Tokyo hadi Mombasa, waliipuliza, na ikiwaka waliamini pumzi ndiyo dawa. Kilichosaidia kilikuwa kuichomoa na kuichomeka tena, meno ya soketi yakapata pa kugusa. Pumzi ina unyevu, na unyevu huzaa kutu. Dawa ni alkoholi ya isopropili kwenye kijiti cha pamba, kupitishwa taratibu juu ya meno ya shaba hadi pamba itoke safi. Pamba ya kwanza hutoka nyeusi, ya pili kijivu, na ukifika inayotoka nyeupe unajua mchezo utawaka.

Betri inataka moyo mgumu zaidi. Kaseti kama za The Legend of Zelda zina betri ya kifungo inayolinda kumbukumbu za mchezaji: jina lake, silaha alizopata, pango alilofikia. Betri hiyo hudumu miaka 15, 20, wakati mwingine zaidi, kisha inakufa. Kuibadilisha ni kuyeyusha lehemu ya zamani na kuweka mpya, na mara unapoitoa, safari ya mtu fulani usiyemjua inafutika, isipokuwa kama umeinakili kwanza kwa kifaa maalumu. Mimi huinakili inapowezekana. Mtoto aliyefika pango la mwisho mwaka 1990 alifanya kazi, na kazi ya mtu haitupwi kwa sababu tu ni ya mchezo.

Kapasita, vile vipande vidogo vya kutunza chaji kwenye bodi, ndizo adui mkubwa. Ndani yake mna majimaji ambayo kwa miaka huvuja na kuila bodi. Sega Game Gear, mashine ya mkononi ya mwaka 1990, inajulikana mno kwa ugonjwa huu: sauti hupungua, kioo hufifia, kisha kimya. Fundi anaondoa kapasita zote, anaosha bodi, anaweka mpya, na sauti inarudi. Kuhusu plastiki iliyogeuka njano kwa mwanga na joto, wapo wanaoipaka haidrojeni peroksidi na kuianika juani hadi iwe nyeupe tena. Siwalaumu, lakini zangu naziacha na unjano wake. Rangi ile ni umri, nayo haizuii mashine kufanya kazi.

Ukanda wetu nao una fungu lake katika historia hii, na ni fungu ambalo wakusanyaji wa nje hulipita haraka. Nintendo ilipotoa Famicom nchini Japani Julai 1983, mashine iliyosanifiwa na Masayuki Uemura, haikuwa imekusudiwa Kariakoo wala River Road. Iliyotufikia katika miaka ya 1990 ilikuwa nakala zake kutoka viwanda vya Asia, zenye majina ya kila aina, zikiuzwa pamoja na bunduki na kaseti iliyoandikwa kwamba ina michezo elfu kadhaa, kumbe ni michezo michache iliyorudiwa kwa majina tofauti. Wengi huziita feki na kuzitupa. Mimi nazikusanya kwa heshima, kwa sababu ndani yake mna uhandisi. Televisheni zetu zilitumia mfumo wa PAL, wa picha 50 kwa sekunde, ilhali michezo ya Japani iliandikwa kwa 60. Kampuni ya UMC ya Taiwan ilitengeneza chipu zilizopatanisha mifumo hiyo miwili, ili michezo ya Japani ikubali kwenda kwenye televisheni za PAL, na muziki ubaki karibu na sauti yake ya asili. Mtoto wa Tanga au wa Kisumu aliyemrusha Mario juu ya shimo alichezea kazi ya mafundi hao. Anayeandika historia ya gemu Afrika Mashariki bila mashine hizo, ameandika historia ya watu wengine.

Najua hoja inayotolewa dhidi ya haya yote. Michezo hii ipo kwenye kompyuta kwa njia ya imuleta, yaani programu inayoiga mashine ya gemu, bure au kwa bei ndogo, basi ya nini vumbi na lehemu? Imuleta ni kazi njema na naiheshimu. Bila waandishi wake mengi yangekuwa yamepotea. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation pamoja na Software Preservation Network ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya kabla ya 2010 iliyotolewa Marekani haipo tena madukani. Anayeiokoa kwa njia yoyote anastahili shukrani. Lakini aandikaye imuleta hupima kazi yake kwa kuilinganisha na mashine halisi. Mashine halisi zikiisha, hakuna tena wa kuulizwa kama rangi ile ilikuwa sahihi, kama mruko ule ulichelewa, kama sauti ile ilikwaruza hivyo. Anayetunza mashine inayofanya kazi anatunza kipimo.

Kuna na sababu ya pili, iliyo karibu nasi zaidi. Baadhi ya kapasita za vifaa vya kisasa hutengenezwa kwa tantali, na sehemu kubwa ya madini hayo hutoka mashariki mwa Kongo, kwenye machimbo kama ya Rubaya, ambako wachimbaji huongea Kiswahili hikihiki. Vifaa vipya vingi vina jasho lao, na mara nyingine damu. Kutengeneza cha zamani kikaendelea kufanya kazi hakumalizi dhuluma hiyo. Hata hivyo kunamfundisha mtu kuiona bodi ya saketi kama kitu kilichotoka ardhini kwa mikono ya watu, kisichotupwa ovyo.

Siku hizi wako wanaonunua kaseti zikiwa bado zimefungwa, wakazifungia tena ndani ya vioo ili bei ipande. Kwangu huko ni kuifanya gemu kuwa hati ya benki. Mwaka 1983 Atari ilizika shehena ya kaseti zake kwenye jalala la Alamogordo, New Mexico, nyingine zikiwa za E.T., mchezo ambao Howard Scott Warshaw alipewa kama wiki tano kuuandika. Mwaka 2014 jalala lilifukuliwa, na kaseti moja ikapelekwa jumba la makumbusho la Smithsonian. Bei ilikwishazihukumu kuwa takataka, na bei ilikosea. Haina mamlaka zaidi leo inaposema kwamba kaseti fulani ni dhahabu isiyoguswa.

Mkusanyo mzuri ni ule unaochezwa na watu wengi. Mashine hizi zilijengwa kwa watu waliokaa mkeka mmoja, pedi mbili zenye waya mfupi, na hukumu ya papo hapo ya aliyeshindwa kupisha mwenzake. Hazisamehe, nyingi hazihifadhi ulipofika, na unapokufa unaanza mwanzo. Mtoto wa leo akikaa nazo hulalamika dakika chache, kisha hunyamaza, kisha husema, "Niachie tena." Akifika hapo, mfundishe na kusafisha meno ya kaseti, mpeleke kwa fundi wa televisheni mtaani kwenu ashike chuma cha kulehemu, kwa sababu mafundi waliozijua saketi za chogo wanazeeka na ujuzi wao hauko vitabuni. Na kama nyumbani kwako lipo chogo linalotoa picha safi, usilitoe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Viwanda vilivyolitengeneza vimefungwa na havitafunguliwa tena. Mtafute anayekusanya, mpe yeye, umwekee sharti moja tu: aliwashe.