Florini Ilitupwa Bure

Ukiipanga mezani fedha yote ya Afrika Mashariki kwa kufuata mwaka, kuanzia rupia ya Mombasa ya 1888 hadi shilingi za 1946 zilizofunga zamu ya fedha, jicho linakwama mahali pamoja tu. Mwaka 1920 ipo florini, pana na nzito, ina simba mgongoni na mfalme mwenye taji usoni. Mwaka 1921 inaingia shilingi, simba yule yule na milima ile ile, lakini fedha imeshuka kutoka 500 hadi 250 katika 1000. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa Desemba 1919 na iliyofanya kazi zake London, ilikuwa na sarafu nzuri mkononi ikaitupa kabla haijachakaa. Ubaya wa uamuzi huo kisiasa umeshaandikwa sana. Ubaya wake kama kazi ya sarafu ndio haujasemwa vya kutosha, na wakusanyaji wetu wanaendelea kuulea bila kujua.

Tuanze na mizani. Rupia ya India, iliyotembea huku tangu kabla ya reli, ilikuwa na uzito wa gramu 11.66 kwa kiwango cha 917, yaani gramu 10.69 za fedha safi. Florini ilibaki na uzito ule ule wa gramu 11.66 lakini kwa kiwango cha 500, hivyo fedha safi ni gramu 5.83. Shilingi ina gramu 7.78 kwa kiwango cha 250, na mbili zake, ambazo ndizo thamani ya florini moja, zina gramu 3.89 tu za fedha. Thamani iliyotajwa kwenye karatasi ni ile ile, rupia moja, florini moja, shilingi mbili, na katika muda usiozidi miaka miwili fedha iliyomo imepungua kwa karibu theluthi mbili. Tena uzito ulifanya kazi ya kuficha: aliyetoa florini moja akapokea shilingi mbili alijaza kiganja kwa gramu 15.55 badala ya 11.66. Mkono ulihisi umepata zaidi. Ni shaba.

Hapa ndipo watetezi wa Bodi huleta hoja yao kubwa, kwamba fedha ilikuwa imepanda bei kupita kiasi. Kupanda ilipanda. Februari 1920 wakia moja ya fedha London ilifika peni 89 na nusu, bei ambayo soko lile halikuwa limewahi kuiona. Kwa bei hiyo rupia ilikuwa na fedha ya peni 33 hivi, wakati serikali ilikuwa imeipima kwa peni 24, na miaka michache nyuma kwa peni 16. Sarafu ya namna hiyo haikai sokoni, inaishia kwa sonara. Kwa hiyo kuiacha rupia ilikuwa sawa, na kushuka hadi 500 ilikuwa sawa. Uingereza yenyewe ilishusha shilingi zake kutoka 925 hadi 500 mwaka huo huo. Lakini fanya hesabu ya florini kwa bei hiyo hiyo ya kilele: fedha iliyomo ilifikia peni 18 dhidi ya peni 24 za thamani yake. Siku ile mbaya kuliko zote, florini bado ilikuwa salama, hakuna sonara ambaye angeiyeyusha akapata faida. Na kufikia 1921, shilingi ilipokuwa inaamuliwa, bei ilikuwa imeporomoka chini ya nusu ya kilele. Florini ilibeba fedha isiyofika peni 10, ikatolewa kwa peni 24. Shilingi mbili za 250 zilibeba peni 6. Faida ya ziada, basi, haikuzidi peni 3 kwa kila florini, na kwa ajili ya peni hizo Bodi ilikubali kukusanya sarafu mpya, kuzisafirisha, na kuchapa mbili mahali pa moja. Moto ulikuwa umezimika, wao ndio kwanza wanabomoa nyumba.

Kuna jibu la pili, na hili lina uzito zaidi. Bodi ilikuwa na shimo la kuziba. Ilijitwika wajibu wa kuzipokea rupia kwa shilingi mbili kila moja, kisha fedha ikashuka mikononi mwake, na rupia iliyonunuliwa kwa peni 24 ikauzwa kama madini kwa bei iliyo chini sana. Hasara ilikuwa kubwa, na njia rahisi ya kuifidia ilikuwa kupunguza fedha katika sarafu iliyofuata. Kama maelezo ya kwa nini jambo lilitokea, nakubali. Kama utetezi, sikubali. Hasara ilizaliwa na kiwango cha shilingi mbili, ambacho wakopeshaji na watu wa London walikitaka na walowezi wenye madeni ya rupia walikipinga kwa kelele. Mfanyakazi wa mshahara wa mwezi hakuulizwa. Ndiye aliyepewa shaba.

Chukua kituo cha reli cha Konza. Reli ya Uganda ilipita hapa ikielekea Nairobi, ilikofika Mei 1899, na Machakos yenye boma la Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ikaachwa kando. Baadaye tawi la Magadi likachomoka hapa hapa Konza kushuka bonde la ufa. Kituo cha makutano kina wafanyakazi wa kudumu, nao hulipwa taslimu. Mtu aliyefanya kazi ya reli hapa kuanzia 1919 hadi 1922 alihesabiwa mshahara kwa rupia, kisha florini, kisha shilingi, bila kubadilisha kazi wala nyumba. Mwaka 1921 walowezi wakaamua kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi, jambo lililompa mwanaharakati Harry Thuku umati wa kuhutubia. Ulikuwapo pia mpango wa kuzihesabu senti za florini kama senti za shilingi, yaani kuzikata thamani nusu mifukoni mwa watu ambao akiba yao yote ilikuwa senti zenye tundu zilizotungwa kwenye kamba. Mpango huo ulizimwa baada ya kelele. W. McGregor Ross, aliyekuwa mkurugenzi wa kazi za umma, hakuusamehe katika kitabu chake cha 1927. Nautaja kwa sababu unaonyesha tabia ya watu waliokuwa wakiamua.

Sasa tuwaangalie Wamarekani, kwa kuwa wakusanyaji wetu wenye uwezo wamehamia huko na kila mmoja anaota nusu dola za Walking Liberty. Siwalaumu. Kazi ya Adolph Weinman, bibi anayepiga hatua kuelekea jua linalochomoza, ni miongoni mwa sarafu nzuri kuliko zote za karne iliyopita, na bei ya miaka ya mwanzo inamtoa mtu jasho. Mwaka unaoumiza mfuko ni ule ule 1921: Denver ilichapa 208,000 tu, Philadelphia 246,000, San Francisco 548,000, na ile ya San Francisco ikiwa safi inauzwa kwa bei ya kiwanja. Lakini tazama kwa nini ni ghali. Biashara ilikuwa imedorora, wakachapa chache. Kiwango hakikuguswa. Ilianza 1916 kwa fedha 900 na gramu 12.5, ikaisha 1947 kwa fedha 900 na gramu 12.5. Mkusanyaji anayepanga mfululizo ule kutoka mwanzo hadi mwisho anapanga kitu kimoja. Wetu anayeanza na florini na kuingia shilingi anapanga vitu viwili vilivyovishwa simba mmoja.

Kuna uhusiano wa karibu zaidi ambao wauzaji hawautaji, pengine kwa sababu hauongezi bei. Kwa sheria ya Pittman ya 1918, Marekani iliyeyusha dola za fedha zaidi ya milioni 270, nyingi za aina ya Morgan, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ikauzwa kwa Uingereza ili India ipate kuchapa rupia. Rupia za 1918 hadi 1920 zilizovuka bahari na kuingia huku zilitoka katika viwanda vilivyolishwa fedha hiyo. Marekani ilipozirudisha dola, kuanzia 1921, ilizirudisha kwa kiwango cha zamani, 900, kwanza kwa sura ya Morgan na mwisho wa mwaka kwa sura mpya ya Peace. Wao waliyeyusha wakarudisha. Sisi tulipata robo.

Watasema shilingi ni sarafu ya alama tu, thamani yake ni ahadi ya Bodi na si madini, kwa hiyo 500 au 250 hakuna tofauti. Sawa, basi kwa nini kutia fedha hata chembe? Afrika Magharibi ya Waingereza ilihama kutoka fedha ikaingia shaba ya manjano kuanzia 1920, haikujifanya. Bodi yetu nayo ilifika huko 1948, shaba na nikeli, sarafu ngumu isiyobadilika rangi. Ingefanya hivyo 1921 nisingekuwa na neno. Robo ni mahali pabaya kuliko pote pa kusimama, kwa sababu fedha ni kidogo mno kuwa akiba na shaba ni nyingi mno kuvumilia jasho la mikono. Kiwandani vipande vya 250 hutiwa asidi kabla ya kupigwa, shaba ya juu inaliwa, na ngozi nyembamba ya fedha inabaki ikimeremeta. Ngozi hiyo ndiyo sarafu yenyewe kwa macho ya mtu. Ikichakaa, ndevu za mfalme zinageuka kahawia, kisha taji, kisha bega la simba, na kinachobaki ni rangi ya chai iliyolala. Weka florini iliyotembea miaka ile ile kando yake uone.

Na hapa nawafikia watu wanaosugua sarafu kwa majivu na ndimu, ambao sitachoka kuwasema. Anayesugua shilingi ya 1921 ili ing'ae kabla ya kuiuza haondoi uchafu, anaondoa ile ngozi. Rupia ya 917 ikisuguliwa inaharibika uso lakini chini bado ni fedha. Shilingi ikisuguliwa chini ni shaba, na mng'ao wake haudumu hata msimu mmoja. Halafu mnunuzi anaambiwa imehifadhiwa vizuri. Dawa ya meno ni mbaya zaidi, ina mchanga. Visanduku vya plastiki vyenye daraja vilivyokuja kutoka Marekani navyo havijatuokoa, kwa sababu wanaopeleka sarafu huko wanapeleka zilizokwisha kusuguliwa.

Wazee walijua kazi. Rupia ya Kampuni ya 1888, iliyochapwa Birmingham kwa Heaton na kubeba herufi H, ina taji na jua lenye miale upande mmoja na mizani upande mwingine, gramu 11.66 za kiwango cha 917, na ilitolewa na kampuni ambayo ilikuwa imepata hati yake mwaka huo huo na haikumaliza miaka saba madarakani. Wajerumani jirani, ambao sina sababu nyingine ya kuwasifu, waliipa kampuni yao rupia kuanzia 1890 yenye Wilhelm II katika kofia ya tai na simba chini ya mnazi, nayo haikuteleza kiwango. Hata India, walipochora tembo kwenye joho la mfalme mwaka 1911 akaonekana nguruwe, waliiondoa wakamchora upya 1912. Kosa la mnyama mdogo kuliko punje ya mchele lilirekebishwa ndani ya mwaka mmoja. Kosa la robo ya fedha lilidumu miaka 25, kwa sura za wafalme wawili.

Lililobaki ni sisi. Desturi ya hapa ni kuanza albamu na shilingi ya 1921, kwenda hadi 1925, kuruka hadi George VI wa 1937, kisha herufi za vita, I ya Bombay, H ya Heaton, SA ya Pretoria, na florini inawekwa mwisho kama kiambatisho, ikiwepo. Hoja ni kwamba shilingi ni nafuu na kijana apate pa kuanzia. Lakini florini ya 1920H bado inapatikana kwa bei ambayo mwenye mshahara anaweza kuimudu kwa subira, na ndiyo inayoeleza kilichotangulia na kilichofuata. Inayosumbua ni ile yenye herufi A. Kila mara inauzwa kama ya Berlin kwa sababu muuzaji amezoea rupia za Kijerumani. Berlin haikuchapa florini ya George V. Hiyo A ni ya Ackroyd & Best wa Morley, karibu na Leeds, waliozoea kutengeneza taa za wachimba makaa, na anayeilipia kama kitu cha Kijerumani amelipia hadithi. Florini ya 1921 ni adimu kupita zote. Ukionyeshwa moja, pima kwanza: gramu 11.66, na tarakimu ya mwisho ya mwaka itazame kwa kioo cha kukuza, maana 0 ikikwanguliwa na kuchongwa upya mguu wake wa chini hausimami sawasawa na wa 1 iliyo upande wa kushoto.