Nyatiti katika Filamu ya The Constant Gardener

Katika filamu ya The Constant Gardener (2005), iliyoongozwa na Fernando Meirelles kutokana na riwaya ya John le Carré, muziki wa Mhispania Alberto Iglesias umechanganywa na "Kothbiro", wimbo wa Ayub Ogada uliokwisha kutolewa mwaka 1993 katika albamu En Mana Kuoyo. Wimbo huo, basi, haukutungwa kwa ajili ya Tessa aliyeuawa wala Justin, mumewe, anayemwomboleza. Umeazimwa.

Uteuzi wa ala unafaa, kwa kuwa nyatiti, yenye nyuzi nane, hupigwa matangani kwa Wajaluo. Tatizo limo katika maneno. Kwa mtazamaji asiyejua Kijaluo, sauti ya Ogada ni huzuni tupu: hisia imebaki, maana imetoweka. Ilhali maudhui ya wimbo si kilio bali ni onyo. Mvua yaja, na watoto wanahimizwa kuwarudisha ng'ombe nyumbani. Anayeyaelewa hayo huku akitazama maskini wakifanyiwa majaribio ya dawa hukabiliwa na kejeli kali, maana onyo limekwisha kutolewa na hakuna mhusika anayelisikia. Kejeli hiyo, ambayo ingeweza kuwa mhimili wa filamu nzima, imeachiwa Mjaluo peke yake.

Ogada, aliyefariki mwaka 2019, aliigiza pia katika Out of Africa (1985), ambayo muziki wake ni wa John Barry. Humo alionekana, humu anasikika.