Picha Inayoita Wimbo: Sanaa ya Maajabu Usukumani

Mwalimu wa sanaa akiwaonyesha wanafunzi picha ya nguruwe anayeelea angani kati ya mabomba ya moshi, au picha ya mamia ya vitanda vilivyopangwa mchangani kando ya bahari, jibu la darasa mara nyingi huwa moja: haya ni mambo ya Wazungu. Jibu hilo si sahihi, na madhara yake si madogo. Kijana anayeamini kwamba ndoto na maajabu katika sanaa ni mali ya wageni atajikuta kati ya njia mbili mbaya: ama aige ya wageni bila kuyaelewa, ama ajifunge katika kuchora twiga na machweo ya jua kwa kudhani kwamba huo ndio utamaduni wake wote.

Mtindo huu, ambao huchukua vitu vya kawaida na kuvikutanisha jinsi vinavyokutana ndotoni, uliandikiwa ilani mjini Paris mwaka 1924. Mwaka huo ni wa ilani tu. Mtu aliyekulia Mwanza, mahali ambapo jiwe kubwa kama nyumba hukaa juu ya jingine kana kwamba limewekwa na mtoto anayecheza, na ambapo Mwamba wa Bismarck umesimama majini kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe, hana haja ya kuambiwa na Paris kwamba dunia ina sura zisizoaminika. Katika makala haya nitauita mtindo huo sanaa ya maajabu.

Katika fasihi tumekwisha kulikubali jambo hili. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alipotoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, wasomaji waliomzoea kwa Rosa Mistika ya mwaka 1971 walitatizika. Lakini vitabu hivyo vilisomwa, vikabishaniwa na kupewa nafasi yake. Sanaa ya kuonekana kwa macho haijapata bahati hiyo. Nia yangu ni kuonyesha kwamba kando ya Ziwa Victoria sanaa ya maajabu ilikuwapo, kwamba ilikuwa na kazi maalumu, na kwamba kazi hiyo ilikaribiana sana na ile ya jalada la santuri: kumwita mtu aje kwenye wimbo.

Tuanze na jalada lenyewe, kwa kuwa ndilo wanafunzi wanalolifahamu. Mwaka 1968, Storm Thorgerson na Aubrey Powell walianzisha mjini London karakana ya usanii iitwayo Hipgnosis, ambayo iliwatengenezea wanamuziki wengi majalada, hasa kundi la Pink Floyd. Jalada la santuri ya Atom Heart Mother, ya mwaka 1970, lina ng'ombe. Ng'ombe wa kawaida, malishoni, anageuka kumtazama mpiga picha. Hakuna jina la kundi wala jina la santuri upande wa mbele. Kwa ajili ya santuri ya Animals, iliyotoka mwaka 1977, puto kubwa lenye umbo la nguruwe lilipandishwa juu ya kituo cha umeme cha Battersea, London, mnamo Desemba 1976. Wazo hilo lilikuwa la Roger Waters, mwanamuziki wa kundi hilo. Puto likakatika kamba, likapaa kuelekea njia za ndege na kuwatia wasiwasi waongozaji wa ndege, hata likaanguka shambani Kent. Na mwaka 1987 Thorgerson alipeleka mamia ya vitanda vya chuma vya hospitali katika ufuko wa Saunton Sands, akavipanga kwa safu hadi upeo wa macho, mvua ikaharibu kazi, akarudi akavipanga tena. Alifariki mwaka 2013.

Jambo la kuheshimiwa katika kazi za Thorgerson ni kwamba aliona heri vitanda viwepo kweli. Fundi wa picha angeweza kupiga picha ya kitanda kimoja na kukirudufu. Yeye aliamini kwamba ajabu iliyo na uzito wake, ambayo watu wameibeba kwa mikono na kutoka jasho, humgusa mtazamaji kwa namna ambayo ajabu ya hila haiwezi. Naafikiana naye. Hata hivyo lipo jambo linalonifanya nisite. Ng'ombe yule hana uhusiano wowote na muziki ulio ndani ya santuri, na wasanii wenyewe walikusudia iwe hivyo. Picha inamvuta mnunuzi, kisha inamwacha mlangoni. Linganisha na kazi za Lemi Ghariokwu wa Lagos, aliyemchorea Fela Kuti majalada zaidi ya ishirini kuanzia miaka ya 1970. Picha zake nazo zimejaa maajabu, lakini kila kitu ndani yake kinajibizana na wimbo, kinaukejeli, kinaunga mkono au kuongeza hoja. Anayetazama jalada hilo wakati santuri inazunguka anasikia mara mbili.

Je, sisi tulikuwa na majalada gani? Katika miaka ya 1970, bendi zetu zilirekodi nyimbo katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri nyingi za Kitanzania zilichapwa Nairobi. Nyingi zilikuwa santuri ndogo, zenye wimbo upande huu na wimbo upande ule, na zilivikwa bahasha za karatasi zenye tundu katikati ili jina lisomeke. Santuri ya bendi ya Musoma na santuri ya bendi ya Dar es Salaam ziliweza kuvaa bahasha ya aina moja. Mchoraji hakupata nafasi hapo. Mtafiti atakayetafuta historia ya picha na wimbo katika nchi yetu dukani mwa santuri atatoka mikono mitupu. Hana budi kwenda uwanjani.

Uwanja ninaousema ni ule wa mashindano ya ngoma ya Wasukuma, baada ya mavuno. Vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, simulizi huvihusisha na mafundi wawili, Ngika na Gumha, walioshindana kujua nani mwenye dawa ya ngoma yenye nguvu zaidi. Utaratibu wa mashindano ni mkali kuliko wa tuzo yoyote tuijuayo leo. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, karibu karibu, na watazamaji wako huru kuhama. Upande uliokusanya watu wengi ndio ulioshinda. Hakuna jopo la waamuzi, hakuna karatasi ya alama. Watu huamua kwa miguu.

Sharti hilo ndilo lililozaa sanaa ya maajabu Usukumani. Manju mwenye wimbo mzuri anaweza kushindwa ikiwa jirani yake ameleta kitu ambacho macho hayawezi kukiacha. Ndiyo sababu vikatengenezwa vinyago vya mti vyenye viungo vinavyochezeshwa, watu wa mti wenye sura kavu na mikono inayotikisika, wasiofanana na mtu yeyote na bado wakamchekesha kila mtu. Ndiyo sababu wachezaji wa nyoka huingia uwanjani na chatu hai mabegani. Katika bugobogobo, ngoma ya jembe, mchezaji hulirusha jembe lake juu, likazunguka hewani, akalidaka bila kupoteza mwendo wa miguu. Wengi wameitazama ngoma hiyo kama sarakasi. Mimi naona kwamba hapo pana wazo la kisanaa lililokamilika. Chombo kizito kuliko vyote katika maisha ya mkulima, kile kinachomwinamisha mgongo tangu alfajiri, ghafla kimekuwa chepesi kama unyoya. Ukiacha umbali wa bahari na lugha, hilo ndilo wazo lile lile la kitanda cha hospitali kilichotolewa wodini na kuwekwa mbele ya mawimbi, ila lina sifa ambayo kitanda hakina: jembe linaruka juu ya pigo la ngoma, na wimbo unaoimbwa ni wimbo wa jembe. Picha na sauti hazikukutanishwa baadaye na mchapishaji.

Ndani zaidi kuliko uwanja ulikuwapo ukuta. Chama cha Bayeye, mafundi wa nyoka, kilikuwa na kazi nzito katika jamii: kukamata nyoka, kujua sumu zao, na kuwatibu walioumwa. Elimu hiyo ilitolewa kwa wanachama wapya ndani ya nyumba maalumu, na kuta zake za udongo zilichorwa kwa rangi zilizotokana na udongo na masizi. Humo mlikuwa na nyoka, wanyama, watu, na viumbe wa simulizi ambao hawapatikani porini. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alizinakili michoro hiyo na kuichapisha katika kitabu kilichotolewa London mwaka 1953. Kitabu hicho ni hazina, na bila yeye tungekuwa na kidogo sana, maana ukuta wa udongo hauishi muda mrefu. Lakini mtu akikifungua leo, huona viumbe wa ajabu wakielea juu ya karatasi nyeupe, na mara moja huwaza ndoto na wazimu. Hivyo ndivyo ilivyo picha iliyoondolewa katika nyumba yake. Mwanafunzi wa Bayeye hakuona wazimu wowote. Aliona kitabu cha kiada, akakisoma huku akifundishwa siri za chama na mkubwa wake aliyesimama kando.

Kwamba picha hizo zilihitaji sauti si dhana yangu tu. Cory huyo huyo, katika kitabu kingine cha mwaka 1956, alieleza juu ya vinyago vya udongo vilivyotumika katika unyago sehemu kadhaa za Tanganyika, na akaonyesha kwamba kinyago kilikwenda na wimbo wake: mwali alionyeshwa umbo, akaimbiwa, akaelezwa maana. Umbo bila wimbo lilikuwa nusu ya somo. Walimu wenzangu wanaotumia picha za michoro ya Bayeye katika masomo ya sanaa wangefanya vyema kulikumbuka hilo kabla ya kumwuliza mwanafunzi, "Mchoraji alikuwa na maana gani?" Swali lenye manufaa zaidi ni hili: nani alikuwa amesimama karibu na picha hiyo, na alikuwa akisema nini?

Taifa lilipoanza kuijenga sanaa yake baada ya Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana kuundwa mwaka 1962, bugobogobo ilichukuliwa mapema na kupandishwa jukwaani. Baadaye ikafundishwa katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Faida ilikuwa kubwa: kijana wa Mtwara akaijua ngoma ya Mwanza kama yake. Nani atakayebisha? Lakini katika safari ya kwenda jukwaani kiliachwa kitu kimoja ambacho hakikuhesabiwa, nacho ni upande wa pili. Jukwaani hakuna mpinzani anayecheza hatua hamsini kutoka hapo, na mtazamaji aliyekalishwa kitini hawezi kuhama. Jembe bado linarushwa, kwa ustadi hata kuzidi ule wa kijijini, lakini halimnyang'anyi mtu yeyote watazamaji wake. Ajabu isiyoshindana na kitu hugeuka pambo upesi, na nadhani hii ndiyo sababu maonyesho mengi ya ngoma za jukwaani hupigiwa makofi kwa adabu.

Bujora, karibu na Kisesa, yapata kilomita 20 kutoka mjini Mwanza kwa barabara ya Musoma, jaribio jingine lilifanywa. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, pamoja na Wasukuma aliofanya nao kazi, alijenga huko kanisa lililobeba alama za Kisukuma, na Makumbusho ya Wasukuma. Kati ya majengo ya makumbusho hayo limo banda la watemi, nalo limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Tulitafakari kidogo jengo hili, kwani vitabu vya utalii hulipita kwa mstari mmoja. Kitu ambacho mtu mmoja alikuwa akikikalia kimekuzwa hata watu wengi wanaingia ndani yake. Anayeingia anakuwa mdogo, na mamlaka yanakuwa nyumba. Kama kazi hiyo ingesimikwa leo katika jumba la sanaa la London au Nairobi, wahakiki wangeiandikia kurasa nyingi na kumtafuta msanii kwa mahojiano.

Ndani ya kiti hicho zimehifadhiwa ngoma za watemi. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na ngoma hizo zikapoteza kazi yake ya utawala kwa siku moja. Kuziweka katika umbo la kiti cha enzi ni uamuzi wa kisanaa wenye ujasiri, maana kiti kimebaki bila wa kukikalia na ngoma zimebaki bila wa kumtangaza. Ukimya huo una maana, nami naona ndio uzuri wa banda lile. Lakini ukimya ule ule, ukiachwa peke yake, ungelifanya banda liwe kama kitabu cha Cory: maumbo ya ajabu yaliyopotelewa na sauti.

Kinachoyaokoa makumbusho haya ni sikukuu ya Bulabo, iliyoanzishwa huko Bujora na ambayo huchezwa mwezi Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi. Bagika na Bagalu huja na manju wao, majembe yao na chatu wao, nao hushindana kwa kanuni ile ile ya zamani. Mgeni aliyekuwa akitazama ngoma zilizonyamaza hutoka kwenye kivuli cha kiti cha enzi akiwa bado anapepesa macho kwa jua, akazikuta ngoma mbili zikilia kwa pamoja, moja mkono wa kulia na moja wa kushoto, na watu wanakimbia huku na huku. Naye itambidi aende upande mmoja.